Usisafirie Nyota ya Mwenzio

Maneno haya niliyasema Mombasa mbele ya vijana waliomaliza shule na wazazi wao. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka kinywani.

Assalaam alaykum. Hamjambo wanangu. Wazee wangu mlioketi safu ya mbele, nawapa heshima yenu. Mama zangu na dada zangu mliokuja na jua hili, ahsanteni kwa kufika.

Nimekuja na vitu viwili. Cha kwanza ni hii patasi. Mpini wake ulikuwa mweupe siku nilipoununua, na sasa umekuwa mweusi kwa jasho la kiganja changu, maana ni mwaka wa kumi na saba naishika. Cha pili ni leso hii niliyojitanda. Nitairudia baadaye, kwani bila ya leso hii nisingekuwa na neno la kuwaambia leo.

Mimi ni fundi wa nakshi. Nachonga milango, masanduku na viti vya kibarazani. Nilizaliwa Kibokoni, nikakulia Kibokoni, na karakana yangu iko hatua chache tu kutoka nyumba niliyozaliwa. Mliokulia Mji wa Kale mnajua maisha yale. Vichochoro ni vyembamba, na kila mlango una baraza na watu wake. Ukitoka alfajiri kwenda kununua mahamri na mbaazi, kabla hujarudi nyumbani mama ameshapata habari umesimama na nani. Sisemi haya kwa ubaya. Nilipokuwa na miaka sita nikashikwa na homa usiku, aliyenibeba mgongoni mpaka hospitali hakuwa wa damu yangu, alikuwa jirani wa baraza ya pili. Watu wale walinilea. Ndiyo maana maneno yao yalikuwa mazito kwangu, na ndiyo maana siwezi kusimama hapa niwaambie, "Msiwajali watu." Nani kati yetu asiyewajali watu? Tunazikwa na watu.

Nyanya yangu alikuwa akituambia habari za Ngomeni. Leo mnaingia Fort Jesus kama watalii, mnapiga picha kwenye mizinga. Yeye aliijua ikiwa jela, kwa sababu Waingereza waliifanya jela mwaka 1895 na ikabaki hivyo mpaka mwaka 1958. Basi alikuwa akisema, "Jela ile angalau ilikuwa na mlango, mtu akaujua." Nilikuwa mdogo, sikuelewa. Nilikuja kumwelewa nikiwa na miaka thelathini na moja, nimekaa ofisini kwenye kiti kizuri, feni inanipepea, mshahara unaingia mwisho wa mwezi, na kifua kimenibana.

Niwaeleze nilifikaje pale. Baba alifariki nikiwa na miaka kumi na moja, nami ni mkubwa wa wanne. Ami yangu alitubeba. Alilipa karo zetu sote na za watoto wake pia, mtu mmoja, kwa duka moja la vifaa vya mashua. Kwa hiyo aliponiambia, "Utasoma uhasibu," nilisoma uhasibu. Aliponitafutia kazi katika kampuni moja ya uwakala wa mizigo, karibu na bandari, niliifanya. Miaka tisa nilijaza hati za forodha na kufuatilia makontena ya Kilindini. Kazi halali, na walionifundisha walinifundisha vizuri. Nyumbani kila mgeni akija ami alinitaja: huyu ndiye binti wa marehemu, yuko bandarini, yuko ofisini. Nilivishwa sifa hizo kila Ijumaa, na kila Ijumaa nilihisi kama anasifiwa mtu mwingine aliyeazima jina langu.

Waswahili wana msemo wa kilemba cha ukoka, kile cha sifa zisizo za kweli. Mimi nadhani tunausema nusu tu. Tunamlaumu anayevisha. Lakini anayevishwa naye anajua vizuri kwamba kile ni ukoka, anausikia unavyomwasha kichwani, na bado anatembea nacho kwa sababu anaogopa kuonekana na kichwa kitupu. Hilo ndilo lililokuwa langu.

Tangu nikiwa na miaka minane, kila nikitoka chuoni kusoma Qurani, nilikuwa nikipitia karakana ya mzee mmoja mchonga milango. Mungu amrehemu. Alikuwa akiniacha nifagie unga wa mbao, na nikishafagia ananipa kipande cha mvule na kalamu ya risasi nichore ua. Alinifunza majina kabla hajanifunza kukata: mwimo ni ule mti wa ubavuni, mfaa ni ule unaosimama katikati ya mbawa mbili za mlango, kizingiti kiko juu na chini. Mfaa ndio unaoonyesha ufundi, kwa sababu mgeni akisimama kubisha hodi, macho yake yanakutana nao kwanza. Nilivunja ungo, nikaambiwa karakana si mahali pangu tena. Sikubisha. Lakini miaka yote ile ya ofisini, kwenye kona za hati za forodha nilikuwa nachora maua ya mfaa.

Siku moja ilikuja hati ya kontena la samani kutoka ng'ambo. Ndani yake, milango ya mbao arubaini. Nilipata ruhusa ya kwenda kuitazama ikifunguliwa. Ilikuwa na nakshi iliyokatwa kwa mashine, ua moja lile lile mara arubaini, halina kosa wala pumzi. Ilikuwa inakuja Mombasa, mji wa milango, na karatasi ya kuiingiza ilikuwa na saini yangu. Nilirudi mezani nikakaa, sikuweza kuandika. Jioni ile nilipita karakana ya mzee, nikamkuta peke yake. Vijana aliowafunza walikuwa wamekwenda kutafuta kazi kwingine, na macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Nikamwambia, "Baba, nifunze." Akaniuliza jambo moja tu: "Watu watanena nini?"

Hata yeye, mwanangu! Mtu aliyekuwa akihitaji mikono kuliko kitu chochote duniani, neno lake la kwanza lilikuwa hilo.

Usiku ule sikulala. Nikachukua kalenda ya mwaka uliopita, nikaigeuza, nikaandika juu: WATU. Nilitaka kuwajua hawa watu ni akina nani. Tumewaogopa tangu utotoni. Usicheke sana, watu watasema. Usivae hivyo, watu watasema. Umefika miaka thelathini hujaolewa, watu wanasema. Nikasema leo nitawaandika kwa majina, mmoja mmoja, kila ambaye neno lake likinifikia litaniuma kweli. Nilidhani kalenda haitatosha. Nikaandika, nikafikiri, nikaandika. Nilipomaliza, walikuwa kumi na mmoja.

Mombasa nzima, kutoka Mtwapa mpaka Likoni, watu niliokuwa nikiwaogopa walikuwa kumi na mmoja. Na watatu kati yao nilikuwa sijaonana nao kwa zaidi ya mwaka.

Nikaamua kuwaendea. Sikuweza wote, nilikwenda kwa sita, kila mmoja kwa siku yake, nikamweleza nia yangu ya kuacha ofisi nikachonge mbao. Wanangu, sikilizeni nilichokikuta, kwa maana hiki ndicho nilichokuja kuwapa.

Wa kwanza, rafiki wa mama, alisikiliza mpaka mwisho, akaniambia, "Kumbe wewe wafanya kazi bandarini? Mimi nilidhani wafunza shule." Miaka tisa nilimwogopa mtu ambaye hakujua ninafanya nini. Wa pili, binamu yangu, aliniambia yeye hana neno, ila fulani atakasirika. Na huyo fulani alikuwa wa nne katika kalenda yangu. Nilipomfikia huyo wa nne, akaniambia yeye mwenyewe hana tatizo, lakini binamu yako yule atalionaje? Nilikaa kwenye kiti chake nikiwa na kikombe cha kahawa mkononi, na machozi yakanitoka. Kila mmoja alikuwa analinda lango kwa ajili ya mwenzake, na mwenzake naye yuko pale pale analinda. Hakuna aliyekuwa ndani.

Mmoja alinikasirikia kweli, sikatai. Alisema naitupa elimu ya watu baharini. Neno lake lilikuwa na haki yake na nililibeba.

Wa sita alikuwa shangazi yangu, dada yake baba. Huyu ndiye niliyemwogopa kuliko wote, kwa sababu hakuwa mtu wa kusema, ukikosea anakutazama tu. Nilimkuta uani anachambua mchele. Nikamweleza. Akaendelea kuchambua muda mrefu. Kisha akaniambia, bila ya kuinua uso, kwamba alipokuwa msichana alikuwa na sauti. Alikuwa akiimba taarabu peke yake akiwa kisimani, na mwanamke mmoja mwenye kikundi cha harusi alipomsikia akaja kumwomba kwa wazazi. Babu yangu alikataa, na shangazi alitii. "Tangu siku hiyo," akasema, "kila harusi mimi hukaa jikoni nikapakua pilau, nisisikie ngoma inavyoanza." Nilimjua shangazi yangu miaka yote ya uhai wangu. Harusi ngapi nilikwenda jikoni nikamkuta, nikadhani anapenda kupika.

Akasimama, akafungua sanduku lake, akanitolea doti moja ya leso. Ndiyo hii.

Mnajua leso ina sehemu zake: pindo linaloizunguka, mji ulioko katikati, na jina, yale maneno yaliyoandikwa. Hapa Mombasa hatununui leso kwa rangi tu. Ukienda Biashara Street, kwenye maduka ambayo mengine yameuza leso tangu karne ya 19, utawaona akina mama wanakunjua moja baada ya moja, wanasoma jina kwanza. Mwanamke ambaye hakupewa nafasi ya kunena alinena kwa leso. Alimwambia mkemwenza, alimwambia mume, alimwambia mama mkwe, na hakufungua kinywa. Shangazi yangu hakuniambia "nenda" wala "usiende." Alinipa leso, nikaikunjua, nikasoma: USISAFIRIE NYOTA YA MWENZIO.

Nataka tusimame kidogo juu ya maneno haya, kwa sababu wengi tunayavaa tu. Manahodha wetu walisafiri usiku kwa nyota. Kaskazi ikivuma, majahazi yanashuka kutoka Uarabuni na Uhindi. Kusi ikigeuka, yanarudi. Huku baharini nahodha anatazama nyota anayoijua na kuulinganisha mwelekeo wake na pale anapokwenda. Nyota ni moja mbinguni kwa watu wote, lakini anayekwenda Pemba na anayekwenda Lamu hawawezi kuiweka upande mmoja wa jahazi. Wakifanya hivyo, mmoja wao atafika pasipo pake, au hatafika. Hana kosa la uvivu wala la ujinga wa bahari. Ametweka vizuri, ameshika usukani vizuri, ila ameelekezwa na safari isiyokuwa yake. Tena neno nyota lina maana nyingine kwetu, ile ya bahati ya mtu, ile wanayoitazama wazee wakitaka kujua kama wachumba wanapatana. Kwa hiyo leso inakuonya mara mbili: usifuate ramani ya mwingine, na usidhani bahati ya mwingine itakuwa bahati yako ukivaa nguo zake.

Shangazi aliinunua lini ile leso, sikumuuliza. Ilikuwa bado na harufu ya sanduku, haijaoshwa hata mara moja.

Niliandika barua ya kuacha kazi wiki ile.

Mnanijua siwezi kuwapa hadithi yangu peke yangu, kwa hiyo niruhusuni niwatajie mwaka mmoja: 1928. Mwaka huo mwanamke wa Unguja alipanda meli kwenda Bombay kurekodi santuri. Alizaliwa Fumba, katika jamaa ya wafinyanzi, akapewa jina la Mtumwa. Alikuwa akibeba vyungu alivyofinyanga mama yake kuvipeleka mjini, akivinadi njiani, na watu wakamjua kwa sauti kabla ya kumjua kwa sura. Baadaye dunia ilimjua kwa jina la Siti binti Saad. Alipopata sifa, waliokuwa na kinyongo walimtungia wimbo wa kumkejeli: umekuwa mtu lini wewe, si ulikuja kutoka shamba na kaniki? Mngemtarajia afanye nini? Angeweza kuficha shamba lake, akajitengenezea nasaba mpya, wengi walifanya hivyo. Yeye aliimba kuwajibu kwamba uzuri wa sura na ukubwa wa ukoo si hoja, hasara ni mtu kukosa akili. Na tena, taarabu ya majumba ya wakubwa ilikuwa ya Kiarabu. Yeye aliimba Kiswahili, lugha ya watu waliokuwa wakinunua vyungu vyake. Alisikika pwani yote kwa sababu hakubadilisha alikotoka.

Mwaka huo huo wa 1928, hapa hapa Mombasa, ulikaa mkutano wa wakuu wa elimu wa serikali za kikoloni kuamua Kiswahili kipi kiwe cha vitabu na shule. Wakachagua Kiunguja. Hebu fikirini: watu wamekaa Mombasa, wameamua kwamba lugha ya Mombasa siyo. Na hii ndiyo lugha ya Muyaka bin Haji, aliyetunga mashairi humu mjini enzi za utawala wa Mazrui na kuzungumza nayo habari za sokoni, za mapenzi, za vita na za njaa. Ndiyo lugha iliyojaa katika kamusi ya Krapf, yule mmishenari Mjerumani aliyefika Mombasa mwaka 1844, kamusi iliyochapishwa mwaka 1882. Nami sina ugomvi na Kiswahili sanifu. Ninakitumia sasa hivi, kimetuunganisha na Dar es Salaam na Bujumbura, ni neema. Lakini nakumbuka darasa la tatu niliandika insha, nikaandika "ndia" mahali pa njia na "mato" mahali pa macho, na daftari likarudi jekundu. Mwalimu alitimiza kazi yake. Ila mimi nilifika nyumbani nikaanza kumsahihisha nyanya. Nyanya yangu! Mwenye kujua tenzi kwa moyo, nikamwambia hajui kusema.

Alinijibu kwa upole kwamba ndia yake imemfikisha kila alikokwenda.

Kimvita, lugha hii yetu ya Mombasa, hakikuomba ruhusa ya mtu mwaka 1928, na hakikuhama. Hakikugombana na Kiunguja. Kiliendelea tu barazani, sokoni Marikiti, kwenye mashairi, vinywani mwa nyanya zetu, na leo mtu wa Nairobi akitaka kusikia Kiswahili chenye ladha anakuja huku kukitafuta. Mimi nimejifunza uhuru kutoka kwa lugha yangu kuliko kutoka kwa kitu kingine. Unaweza kukijua kilicho cha wote na ukakitumia vizuri panapotakiwa, na bado usimsahihishe nyanya aliyemo ndani yako.

Sasa gharama. Lazima niseme, kwa maana ningewadanganya nikinyamaza. Mwaka wa kwanza sikupata hata robo ya mshahara niliouacha. Mdogo wangu wa mwisho alikuwa bado shuleni. Nilikuwa nachonga mchana na jioni nauza bajia na viazi karai pale Makadara na mama yangu, ambaye hakunisema hata siku moja, ila nilimwona anavyohesabu pesa mara mbili. Wateja walikuja karakana, wakamtafuta fundi kwa macho. Nikisema fundi ni mimi, wengine waliondoka na vipimo vyao. Mlango wangu wa kwanza mkubwa uliuzwa kwa jina la mzee, na mwenye nyumba mpaka leo anaamini ni wa mzee. Mchumba mmoja aliyekuwa ametumwa kwetu, jamaa zake waliposikia habari za mbao, hawakurudi. Iliniuma kwa miezi. Nawaambia iliniuma ili msije mkadhani mtu akishajikubali hasikii tena maumivu. Anayasikia. Tofauti ni kwamba yanakuwa maumivu ya safari yake mwenyewe.

Na kuna jambo nataka kuliweka sawa na wazee. Mlinisomea methali, mwacha mila ni mtumwa, na mimi naiamini. Lakini mila yetu ni ipi? Milango ile ya nakshi ni mila au si mila? Mikono iliyoichonga ni mila au si mila? Tulikuwa tukiacha nakshi ife, tunaagiza milango ya mashine kwa makontena, halafu binti akishika patasi ndiye aliyeacha mila. Mimi nahudhuria kila harusi ya ukoo na sare yangu ya leso. Naswali, nafunga, nawasalimu wakubwa kwa heshima yao. Sikuingia karakana ili niwatoroke. Niliingia ili niwe na kitu cha kweli cha kuwaletea. Miaka ya ofisini nilikuwa nakaa nao kwenye sinia moja nikiwa mbali nao kuliko mtu aliye Ulaya.

Wanangu, nanyi nina neno lenu. Si kila kinachokujia moyoni ni wewe. Kuna hawaa, tamaa ya kupita, inavuma asubuhi na jioni imelala. Mimi nilijijua kwa kitu kimoja: nilikichora miaka tisa kwenye kona za karatasi bila ya mtu kuniona, bila ya kusifiwa, bila ya kulipwa. Tazama mkono wako unafanya nini wakati hakuna anayekutazama. Nasema hivi kwa sababu ninyi mnatazamwa kuliko sisi. Baraza yetu ilikuwa na watu kumi; yenu iko mfukoni na ina maelfu, na wengi wao hamuwajui kwa sura wala kwa salamu. Nimewaona vijana kule ufukweni Mama Ngina wakipokezana viatu vya mmoja ili kila mtu apige picha. Sikuwacheka. Nilikumbuka kilemba changu. Nguo ya kuazima haisitiri, wahenga walisema, na walioisema hawakuwa na simu. Andikeni kalenda yenu. Waandikeni hao watu kwa majina. Yule usiyemjua jina, mfute, huyo si mtu wako. Waliobaki, waendeeni, muwaambie ukweli mkiwa mmekaa nao, kwa adabu. Mtashangaa ni wangapi wana leso sandukuni ambayo haijaoshwa.

Na wazazi. Mama zangu, baba zangu, hofu yenu naijua, imetoka kwenye mapenzi. Ami aliponikataza hakuwa akilinda jina lake. Alikuwa akiiona njaa aliyoiona yeye alipokuwa mdogo. Lakini mtoto hasikii njaa ile mnayoikumbuka, anasikia tu "watu watasema." Basi mwambieni hiyo njaa. Mwambieni mliogopa nini. Mtoto anaweza kujibizana na njaa, mkapanga pamoja, akauza bajia jioni. Na watu wasio na majina, atajibizana nao vipi?

Shangazi yangu ametangulia mbele ya haki. Kabla hajafariki alikuja karakana mara mbili tatu, akakaa kwenye gogo, na mara ya mwisho, mimi nikiwa nimempa mgongo napiga msasa, nilimsikia anaimba. Kidogo tu, sauti imeshakuwa nzito. Sikugeuka. Nilijua nikigeuka atanyamaza.

Ami yupo, Mungu amzidishie umri. Mnataka kujua kama amekubali. Hapana. Miaka kumi na saba, kila Ijumaa baada ya swala, anapita karakana anasimama nje ya kizingiti, haingii. Ananiuliza, "Ungalipo?" Namjibu, "Nipo, ami." Anaondoka. Nilizoea. Nilimpenda hivyo hivyo, naye alinipenda hivyo hivyo, na kila mmoja alijua.

Ijumaa iliyopita nilikuwa nimeuegemeza mfaa ukutani, kazi ya miezi miwili, mnyororo wa maua kutoka juu mpaka chini. Ami akafika, akaniuliza lile swali lake, nikamjibu. Hakuondoka. Akavua viatu kama anayeingia nyumba ya mtu, akavuka kizingiti. Akaupapasa ule mfaa kwa kidole kutoka juu, polepole, na alipofika katikati akasimama, akasema, "Hapa pamekwenda upande."

Nikachukua rula nikapima. Alikuwa amesema kweli, kwa upana wa uzi. Nikamvutia kigoda akae, nikachukua patasi.